Wazee Wanapungua, Kiwanja Kipo: Tulivyoamua Hatima ya Chama cha Wapiganaji wa Vita vya Kagera

Kijana aliyepewa bunduki akiwa na miaka 18 mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kushika ardhi yetu mpaka kingo za Mto Kagera, leo amefikisha miaka 65. Huyo ndiye mdogo wao. Wengi wako kwenye sabini na kitu, na waliowaongoza karibu wote wametangulia: Jenerali David Musuguri, aliyekuwa kamanda wa Divisheni ya 20 vitani, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kama katika mji wenu wazee hao waliunda chama waliporudi, na chama hicho kina kiwanja, jengo au hata akaunti ya benki tu, basi kaeni chini sasa. Sisi tulikaa tukiwa tumechelewa. Naandika ili nyinyi mchelewe kidogo kuliko sisi.

Mimi si mpiganaji. Ni binti wa mgambo, mwenyeji wa Musoma. Baba alitolewa kwenye shamba la pamba, akafunzwa haraka haraka, akapelekwa mbele hadi Masaka, ndani ya Uganda, akarudi na medali na goti lisilokunjika vizuri. Hakuwahi kuwa mwajiriwa wa jeshi, kwa hiyo hakuwa na pensheni. Jambo hilo lishikeni, maana ndani ya chama chao kulikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwepo walioendelea na JWTZ hadi wakastaafu kwa utaratibu wa jeshi, na walikuwepo mgambo waliorudi vijijini wakakuta Mwalimu anaiambia nchi ifunge mkanda kwa miezi 18. Chama kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zikiwa za foleni, mgambo ndio waliokihitaji zaidi, na askari wa kudumu ndio waliojua kuandika barua ikamfikia mkuu wa wilaya. Kwa muda mrefu walifaana.

Kazi zao zilikuwa tatu. Walizikana. Walipata kiwanja, wakajenga ukumbi na fremu tatu za maduka kwa mikono yao. Na kila Siku ya Mashujaa, Julai 25, walivaa medali na kutaja majina ya wenzao. Nazitaja tatu hizi mapema kwa sababu ilituchukua muda mrefu na ugomvi mwingi kugundua kwamba ni tatu kweli, si kitu kimoja.

Mwaka 2022 mwenyekiti alikuja kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi, Nyasho, akiwa na begi la nguo. Ndani mlikuwa na katiba iliyopigwa taipu, daftari la wanachama, mhuri, vitabu vya stakabadhi na hati ya kiwanja iliyofungwa kwenye nailoni. "Mwanangu," akasema, "haya mambo yanatushinda. Wewe andika tu tutakayosema." Nikakubali kuwa katibu wa muda. Huo muda haujaisha hadi leo.

Wazee walitaka uitishwe mkutano mkuu mara moja. Kwa bahati mhazini alikuwa mtu wa hesabu, akasisitiza tuanze na daftari, na huo ndio ushauri ninaompa kila anayeniuliza: daftari kwanza, mkutano baadaye. Letu lilikuwa na majina 112. Tulikaa naye kwenye benchi la kibanda, simu mkononi, tukilipitia jina kwa jina. Kwa kila jina mzee alitaja kombania, halafu kaburi. "Huyu tulikuwa naye kombania moja. Tulimzika Bweri." "Huyu alikuwa wa mizinga. Amelala Makoko." Tulipofika kwa baba yangu aliinua kichwa akaniangalia, akasema tu, "Huyu tunamjua," akageuza ukurasa.

Waliokuwa hai walikuwa 38. Kati yao 11 hawawezi tena kutoka nyumbani. Hilo lilitarajiwa. Ambalo hatukulitarajia lilikuwa kwenye vitabu vya stakabadhi. Michango ya mfuko wa mazishi ilikuwa imeendelea kuingia miaka yote hiyo, na zaidi ya nusu ya stakabadhi ziliandikwa kwa majina ya watu ambao mhazini alikuwa ametoka kunionyesha makaburi yao. Marehemu walikuwa wanalipa ada. Kila mwezi mjane alikwenda kwa mweka fedha, akatoa elfu mbili, akaandikiwa jina la mumewe, kwa sababu katiba ilimtambua mwanachama kuwa ni "mtu aliyeshiriki vita vya Kagera" na mweka fedha hakuwa na safu nyingine ya kumwandika. Mama yangu alikuwa mmojawapo. Sikujua. Nilipomuuliza alishangaa kwa nini nauliza: walimzika baba yako, sasa nisilipe?

Basi mkutano wa kwanza ukaitishwa, na ajenda iliandikwa hivi: "Chama kiendelee au kifungwe?" Nikitazama nyuma, ajenda hiyo ndiyo iliyotugharimu karibu mwaka mzima. Ilimlazimisha kila mzee achague kati ya kuua na kutokuua, na hakuna mtu mwenye miaka 74 anayetaka kuulizwa hivyo mbele za watu.

Pande zilijitokeza tatu. Sajini mmoja mstaafu, mzee mwenye sauti ya gwaride hadi leo, alisema chama ni cha waliokuwa vitani, wa mwisho akifa nacho kife, "hakuna mtoto wa mtu humu aliyevuka Mutukula," yaani mpaka wa kuingilia Uganda. Upande wa pili ulitaka watoto waingizwe wawe wanachama kamili. Wa tatu ulitaka kuuza, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshasema angetoa milioni 120, na 120 kwa watu 38 ni milioni tatu na ushee kwa kila mmoja.

Hawa wa tatu walitukanwa sana. Waliitwa wasaliti, waroho, wauza nchi. Mimi nawatetea. Aliyekuwa akiongea kwa niaba yao alikuwa mgambo kama baba, nyumba yake ilivuja mpaka juu ya kitanda, na dawa za presha alizinunua nusu dozi. Aliuliza, "Mnanitunzia jengo nije nilione nikiwa kaburini?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa hotuba ya uzalendo, ingawa hotuba tatu zilitolewa palepale. Mkiona chama chenu kina mtu wa hivyo, msimnyamazishe. Mwulizeni anahitaji nini na kwa lini, halafu mwandike.

Mjukuu wa mhazini, mwanafunzi wa chuo, alituokoa kidogo kwa kutuletea habari za wenzetu wa mbali. Alitusomea juu ya chama cha askari wa upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Grand Army of the Republic, kilichoanzishwa 1866 na ambacho mwaka 1890 kilikuwa na wanachama zaidi ya laki nne. Hawakuwaruhusu watoto kuwa wanachama. Watoto walikuwa na jumuiya yao tangu 1881. Mwanachama wa mwisho, Albert Woolson, alifariki mwaka 1956, na chama kikaishia hapo. Mzee mmoja aliuliza kama huyo Woolson alikuwa mwenyekiti, katibu na mhazini kwa pamoja. Mwingine akajibu, "Na akidi ilitimia." Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika mkutano huo.

Halafu akawasomea habari ya Burma Star, chama cha Waingereza waliopigana Bama. Hapo wengi walisogeza viti, maana wapo ambao baba zao walikuwa Keya, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, na walipigana vita hiyohiyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyosukuma Wajapani katika Bonde la Kabaw mwaka 1944. Chama hicho kilijifunga chenyewe mwaka 2020, wazee wakiwa wamebaki wachache, kikaacha mfuko wa kumbukumbu unaoendelea. Sajini hakupenda. Lakini aliuliza swali zuri: mali ilikwenda wapi? Na hapo ndipo mtu akasema tuitazame hati yetu.

Sasa nawaomba wenye haraka wasome sehemu hii taratibu.

Hati ilikuwa ya miaka 33, kuanzia 1988. Ongezeni wenyewe. Ilikuwa imeisha mwaka 2021 na hakuna aliyejua, kwa sababu kwenye nailoni ile kila mtu aliiona hati, hakuna aliyeisoma. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa haijalipwa kwa miaka mingi. Na mmiliki aliyeandikwa si chama. Kwa kawaida chama cha namna yetu hakishiki ardhi kwa jina lake. Inashikwa na wadhamini wake waliosajiliwa. Wadhamini wetu walikuwa watano. Wanne wamefariki. Wa tano yuko kwa mwanawe Rorya na hawatambui tena wajukuu zake.

Wazee wetu, kama wengi, walidhani usajili ni mmoja. Ni miwili. Chama chenyewe kiko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Bodi ya wadhamini iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318. Mafaili mawili, ofisi mbili, taarifa mbili za kupeleka. Huku walikuwa wamelipa ada wakapewa risiti, wakarudi nyumbani wameridhika. Kule mdhamini alipokufa hakuna aliyeandika barua.

Ikawa kelele zote za kuuza au kutouza zilikuwa juu ya kitu ambacho hatukuwa na uwezo wa kukiuza. Mfanyabiashara angenunua kwa nani, na nani angetia saini? Nilipolieleza hilo mkutanoni, hasira zilishuka kama maziwa yaliyoondolewa jikoni. Hata waliotaka kuuza walielewa kwamba kazi ya kwanza ni kukiokoa kiwanja, kisha kugombana juu yake.

Afisa ardhi alitueleza kwamba muda ukiisha, aliyekuwa akimiliki ndiye anayefikiriwa kwanza kuongezewa, mradi ametimiza masharti, na kodi ni mojawapo ya masharti hayo. Mwanasheria wa mjini, baada ya kubembelezwa na kukumbushwa kwamba babu yake alikuwa mgambo, alitutoza laki nane. Kodi na adhabu zake zikafika milioni moja na laki tatu. Hatukuwa nazo. Akaunti ya benki ilikuwa imelala: waweka saini watatu, wawili marehemu. Fedha zipo, huzigusi.

Tulipata pesa mahali ambapo hakuna aliyefikiria. Mpangaji wa fremu ya kati alikuwa hajalipa kodi tangu mzee aliyekuwa akipita kukusanya afariki. Nilipomfuata alisema bila aibu, "Nilikuwa nasubiri mtu aje." Akalipa malimbikizo kwa awamu. Kwa hiyo nendeni mkaongee na wapangaji wenu kabla ya kupitisha bakuli la mchango kwa wazee.

Utaratibu unaofanya kazi, baada ya sisi kuuanza kinyume na kurudishwa, ni huu: mkutano mkuu wenye akidi unachagua wadhamini wapya, muhtasari unaandikwa, unasainiwa, na orodha ya mahudhurio yenye saini inaambatanishwa, mnakwenda RITA, mkiwa na uthibitisho wa wadhamini mnakwenda ardhi, benki ni ya mwisho. Sisi tulikimbilia benki kwanza kwa kuwa ndiko kwenye pesa. Benki wakataka karatasi ambayo haiwezi kupatikana mpaka umalize mengine yote.

Na neno akidi lisipite hivihivi. Katiba yetu ilidai theluthi mbili ya wanachama hai wawepo. Theluthi mbili ya 38 ni 26. Wanaoweza kutembea walikuwa 27. Mara ya kwanza mkutano ulivunjika kwa sababu palikuwa na msiba Bunda na wazee watano walikwenda kuzika. Ukiwafikiria vizuri, walikuwa sahihi. Mara ya pili tuliuweka siku za pensheni kuingia, kwa sababu walioko vijijini huja mjini, na kwa wale wasio na pensheni tulipeleka bajaji. Tuliuanza saa tatu asubuhi, si mchana, maana saa nane mzee wa kisukari ameshachoka na wa presha ameshataka kulala. Tulikodi spika. Barua tulizichapa kwa herufi kubwa. Tulihakikisha choo kiko karibu na hakina ngazi. Mambo haya yanaonekana madogo kwa vijana wanaopanga mikutano. Kwetu ndiyo yaliyoleta watu 26 ndani ya chumba kimoja, na mtu wa 27 akafika wakati wa soda.

Wale 11 wasiotoka tuliwafuata nyumbani. Hawakuweza kupiga kura kwa mujibu wa katiba, na kuna waliosema tunapoteza nauli. Mimi nasema ndiyo nauli iliyotumika vizuri kuliko zote. Mkutanoni kila mtu alisema habari za uzalendo, mali na historia. Kitandani walisema wanachoogopa. Mzee mmoja aliyepofuka, mgambo, aliniambia, "Kura yangu si kitu, mwanangu. Niambie tu, nani atanipigia saluti?" Mwenzake aliyestaafu jeshini alikuwa na matumaini kwamba jeshi litamkumbuka. Huyu kipofu alikuwa na wenzake hawa tu, na alijua kuhesabu. Nilisikia swali hilohilo, kwa maneno tofauti, katika nyumba nyingi kuliko nilivyotazamia.

Tulipokutana tena, mwenyekiti alialika wajane. Si kama wanachama, kama wageni, na wakakaa nyuma upande wa mlango, kanga mabegani, vikombe vya chai tayari kwa ajili ya wengine. Mjadala ulipofika tena kwenye kiendelee-au-kifungwe, mama mmoja wa Makoko aliomba kusema. Alisema, "Miaka tisa nalipa kwa jina la marehemu. Kwenye misiba yenu jikoni niko mimi. Mimi nikifa, atakuja nani kunizika? Marehemu?"

Watu wakaangua kicheko, kisha kicheko kikawaishia mdomoni. Sajini aliyekuwa akilinda mlango wa Mutukula tangu siku ya kwanza alikaa kimya kidogo, akaniangalia mimi niliyeshika kalamu, akasema, "Aandikwe."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya karatasi. Mambo yale matatu yaliachanishwa. Mazishi yakapelekwa kwenye kikundi kipya cha wajane na watoto, chenye katiba yake na akaunti yake, tulichokiandikisha kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi hicho kina wajibu wa kumzika kila mpiganaji aliyebaki kwa heshima zilezile, na kila mjane kwa heshima hizohizo. Chama cha wapiganaji kikabaki cha wapiganaji, kama Sajini alivyotaka, hakipokei mtu mpya, na akidi ikabadilishwa iwe nusu ya wanaoweza kuhudhuria. Kiwanja kikawa chini ya wadhamini watano: wapiganaji wawili, wajane wawili, mtoto mmoja. Kodi za fremu zinagawanywa: nusu mazishi, robo matibabu na shida za wapiganaji, robo ukarabati na kodi za serikali. Kuuza hakukatazwi milele, ila kunahitaji theluthi mbili za kila upande, chama na kikundi. Na tukaandika wazi, kifungu cha 14, kwamba mali ya chama haigawanywi kwa mtu binafsi wala haiondoki naye. Chama kikiisha, mali inabaki kwa kikundi chini ya wadhamini hao.

Yule mzee wa nyumba iliyovuja alipata mabati kutoka kwenye ile robo ya shida, yakiwa matumizi ya kwanza kabisa. Aliyapokea, akaezeka, na mpaka leo hamsalimii mwenyekiti. Sioni ubaya. Aliomba chake akapewa msaada. Hivyo ni vitu viwili, na anajua tofauti.

Jambo la tatu, majina, lilitushangaza kwa ugumu wake. Tulidhani ni kupaka ukuta rangi nyeupe na kumwita fundi wa kuandika mabango. Kumbe swali la kwanza ni mpangilio. Wastaafu wa jeshi walitaka vyeo: meja juu, mgambo chini. Mgambo wakakataa, na hapo ikafufuka Lukaya. Kwa wasioijua: Machi 1979, barabarani kuelekea Kampala, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, wengi wao wasiowahi kuona vita, ilishambuliwa na Waganda wakiwa pamoja na Walibya, na safu ikavunjika. Siku iliyofuata Brigedi ya 208 ilizunguka kutoka ubavuni na mambo yakageuka. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa imeanguka. Miaka arobaini na kitu wazee hawa walikunywa chai pamoja, na miaka yote hiyo utani wa Lukaya ulikuwepo, "nyie wa mbio ndefu". Kwenye suala la ukuta haukuwa utani tena. Mgambo mmoja alisimama akasema yeye alikimbia, ndiyo, akarudi usiku uleule, na waliobaki kule hawakuwa na nafasi ya kurudi wala kukimbia. Akauliza kama wao wataandikwa chini ya karani wa stoo kwa sababu karani alikuwa na tepe.

Yalimalizwa kwa alfabeti. Jina, mwaka wa kuzaliwa unapojulikana, kijiji. Hakuna cheo, hakuna kikosi. Kama mnafikia hatua hii, amueni mpangilio kabla ya kumwita fundi. Sisi fundi alikaa siku nzima juu ya ngazi akisubiri na tukamlipa.

Tahadhari moja zaidi. Orodha ya wapiganaji wazee yenye namba za simu ni mali, na wapo wanaoinusa. Katikati ya mchakato wetu alipita mtu akiwatoza wazee elfu ishirini ishirini za "fomu ya malipo ya wapiganaji". Hapakuwa na malipo yoyote. Alikuwa na nakala ya daftari letu, na mpaka sasa hatujui ilitoka kwa nani. Tangu hapo kila nakala ina namba na saini ya aliyepewa. Sauti za wazee tulizorekodi kwenye simu nazo tumezihifadhi sehemu mbili, moja ikiwa nje ya Musoma.

Barua ya kuongezewa muda wa hati imetoka, ada tunalipa kidogo kidogo. Julai 2025 baadhi ya wazee walikwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya wenzao waliofia vitani, na safari ilikuwa nyepesi kuliko zamani kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja kabla, hakuna kusubiri kivuko. Wajane walikwenda nao kwa gharama ya kikundi. Yule mzee aliyepofuka alifariki kabla ya safari hiyo. Sajini ndiye aliyempigia saluti, na watoto wa kikundi, waliofundishwa naye uani kwa ukumbi kwa makelele mengi, walisimama mistari miwili.

Kilichobaki kwenye ajenda ni mhuri. Wazee wamekuwa 29, na mtu ameuliza ukabidhiwe nani siku watakapobaki wawili au watatu. Sajini anataka uzikwe na wa mwisho. Mhazini anasema haiwezekani: mhuri ni mali ya chama, na kifungu cha 14, ambacho Sajini mwenyewe alikiunga mkono, kinasema mali haiondoki na mtu. Limeahirishwa mara ya pili.